Mahari ya Pale Kona

Tulihamia Buhongwa nyumba haijapigwa hata lipu, lakini ilikuwa yetu. Nilikuwa nimeisubiri miaka miwili kwa wazazi wangu Tabora, mume wangu akiijenga kidogo kidogo kwa mshahara wa kiwanda cha samaki. Nilifika na masufuria na pazia jipya, nikakuta nina jirani.

Alikuwa mjane wa watu, mtu wa Mara, mpole. Alikaanga mapanki, yale mabaki ya sangara viwanda vikishachukua minofu, kwenye kibanda kilichokuwa kona ya kiwanja chetu, barabarani. Balaa lilikuwa binti yake wa miaka kama minane. Nikifagia kuelekea kona, anaokota jiwe. Siku moja likanipata kisigino, nikachechemea siku mbili. Mimi shikamoo yake sikuwahi kuisikia. Mume wangu akipita, anapigiwa magoti, “Shikamoo baba,” naye anacheka na kumshika kichwa. Mimi nilikuwa sijazaa bado. Roho iliniuma, sifichi.

Wiki ambayo mume wangu alikwenda Musoma kikazi, nilimkuta yule mtoto amekaa pale kona na kisu cha samaki. Nikamwambia atoke kwenye kiwanja cha watu. Akasimama, kisu mkononi.

“Baba alimpa mama mahari. Wewe umekuja juzi.”

Niliingia ndani. Mahari yangu mimi ilitoka kwa mbinde, baba yangu akibembelezwa miezi, kumbe mwenzangu kishatolewa yake kimya kimya! Na baba anayeitwa kila siku, kumbe ni baba kweli. Ugali uliungua, sikuugusa.

Asubuhi nilijifunga khanga kiunoni nikamfuata yule mjane mbele ya wateja wake.

“Nataka urudishe mahari ya mume wangu. Leo.”

Hakubisha. Aliuliza tu kama mume wangu mwenyewe ndiye aliyesema. Nikamjibu ndiyo, kasema. Akaepua karai, akaanza kung'oa misumari. Hadi mchana kibanda kilikuwa mbao kichwani mwake, mtoto nyuma na karai, wakielekea mjini. Nikajisemea, angekuwa hana hatia si angenitukana?

Mume wangu aliporudi mchana ule ule aliulizia kibanda kabla hajaniulizia hali. Nikamtolea yote, mahari, mtoto, unafiki wake. Alikaa kizingitini. Akaniambia miaka ile miwili yule mama ndiye aliyelinda saruji na matofali yake, naye akamwambia akae pale kona afanye biashara mpaka binti amalize shule. Hakuona kama ni habari ya kuniandikia.

“Mahali, mke wangu. Nilimpa mahali. Hujui watu wa Mara l kwao ni r?”

Nilijua. Kila siku niliwacheka wakisema wanakwenda kurara. Siku ile tu ndiyo sikusikia, wivu ulikuwa umeniziba masikio. Naye yule mama alinisikia kwa masikio ya kwao, kwamba nataka mahali petu. Mtoto alikuwa analinda riziki ya mama yake.

Alichukua baiskeli akawatafute stendi ya Buzuruga. Nilimtazama anavyokanyaga pedali kwa haraka, haraka ambayo kwangu hajawahi kuwa nayo. Alirudi jioni, shati limelowa jasho, akasema hakuwapata, basi la Musoma lilishaondoka nao.

Nikamwambia pole, nikaenda kumtengea maji ya kuoga. Mungu anisamehe, nilikuwa nimefurahi.