Doa Chini ya Jicho

Mwaka ule wakimbizi walipojaa kambi ya Benaco, kiwanda chetu kidogo cha uchapaji pale Biharamulo kilichapa mabango ya picha za watoto waliopotezana na wazazi wao. Mimi ndiye niliyetengeneza mabamba ya kuchapia. Bamba la alumini lina utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Unalaza filamu ya picha juu yake, unaliweka juani. Jua linapopiga, utando unalegea na kuoshwa na dawa. Penye kivuli unabaki, na hapo ndipo wino unaposhika.

Adui yetu alikuwa vumbi. Malori yalipita mchana kutwa, na kila chembe iliyotua kwenye filamu ilitia kivuli chake, ikaacha doa jeusi. Kwa hiyo nilikagua kila bamba kwa lenzi, nikafuta madoa kwa brashi na dawa. Nilikuwa hodari wa kazi hiyo na nilijua. Maringo hayo ndiyo yaliyoniponza.

Siku mbili baada ya mabango kubandikwa kambini, nilikuwa narudisha picha kwenye bahasha. Nikakutana na ile ya msichana wa miaka kama mitatu, ambaye hakuweza kutaja jina la mama yake wala la kijiji. Chini ya jicho la kushoto alikuwa na doa. Nikalikwangua kwa ukucha, halikutoka.

Nilimkimbilia msimamizi wetu.

“Shikamoo mzee. Nimefuta alama ya mtoto. Nilidhani vumbi.”

“Marahaba.” Aliitazama picha, akavua miwani. “Karatasi zimekwisha. Chukua kalamu ya wino uende huko huko.”

Kambini nilitembea bango kwa bango, zahanatini, kanisani, sokoni, nikitia doa na kuomba Mungu nisiwe nimechelewa. Kwenye bomba la maji, mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni na ndoo yake alinitazama kwa muda.

“Dada, jana kuna mama alisimama hapa,” alisema. “Alishika hapo hapo unapoandika. Akasema, angekuwa wangu huyu, lakini wangu ana alama. Akalia sana. Halafu akapanda lori la wanaohamishiwa kambi nyingine.”

Nikamwuliza lilielekea wapi. Akanishangaa, kwani siku zile malori hayakuwa yakiaga yanakokwenda.