Ndashaka

Subira yangu iliniishia wiki iliyopita, mwaka huu wa themanini na tisa, mbele ya meza ya afisa elimu, mwanangu mchanga mgongoni. Nilikuwa nimempeleka Skola, mtoto wa marehemu dada yangu ninayemlea, apangiwe shule. Afisa alimuuliza kwa Kiswahili cha mbio kama anataka kusoma. Skola aliinamisha macho, kama anavyofundishwa mtoto wa Kiha mbele ya mkubwa, akanong'ona, "Ndashaka."

Afisa akafunga faili. "Mtoto mwenyewe ana shaka, mama. Mwache akue kwanza."

Papo hapo pua yangu ikajaa harufu ya mihogo iliyolowekwa, ile kali inayoganda kwenye nguo hata zikifuliwa.

Nilikuwa na umri wa Skola, miaka ya sabini ndiyo inaanza, mama amefariki, nimetolewa kijijini Busunzu nikaletwa nyumba ya watoto yatima, Kasulu. Kiswahili changu kilikuwa shikamoo na asante. Bwana mmoja mwenye soksi ndefu akaja kutupangia: huyu darasa la kwanza, huyu arudi kwa mjomba wake. Aliponiuliza, nilimjibu kwa Kiha kwamba nataka, tena kwa moyo wote. Ndashaka. Alikuwa mgeni wa huku. Sikio lake likachukua shaka, likaacha mengine. Wenzangu wakapimiwa sare, mimi nikapelekwa jikoni.

Sikumchukia. Nilidhani katika nyumba ile anayesema anataka ndiye anayenyimwa, basi nikaacha kutaka. Maharage yakibaki, nasema nimeshiba. Baridi ya asubuhi ikiuma, nasema sisikii.

Mlezi wetu, Bibi Zuhura, mjane kutoka Ujiji asiyejua Kiha hata neno, alinipenda kwa kelele. Aliniita mke mwenzie. Tukimenya mihogo alinifundisha Kiswahili kwa kunichamba: eti namenya kama namkuna mgonjwa, eti mume wetu atakufa njaa. Nikacheka mpaka nikajua kumjibu.

Siku moja, mwaka ukielekea kuisha, alionja mchuzi akasema chumvi ile ana shaka nayo. Nikamuuliza shaka ni nini.

"Ni kutojua kama unataka au hutaki, mke mwenzangu."

Nilisimama na kisu mkononi. Nikamweleza nilichomjibu yule bwana, na maana yake kwetu. Bibi Zuhura hakucheka. Alijitupia kanga kichwani, akanishika mkono, tukaenda ofisini na utomvu wa mihogo ukitukauka vidoleni.

"Mwanangu alisema anataka," alimwambia yule bwana. "Mwaka mzima anataka. Andika."

Jumatatu nilikuwa darasani, mrefu kuliko wote mstarini.

Miaka mingi niliamini Bibi alimkasirikia mwenye soksi. Sasa nimezaa, najua alijikasirikia mwenyewe pia: alinilisha, akanichekesha, akanifunika usiku, na hakuwahi kuniuliza nataka nini.

Kwa hiyo sikumpigia afisa kelele, ingawa nilikuwa nazo za kutosha. Niliomba karatasi, nikaandika nimesimama:

"Nalalamika rasmi kwamba jibu la mtoto limepokelewa kinyume. Aliulizwa kama anataka kusoma, alisema anataka. Naomba aulizwe upya, kwa Kiha, mimi nikiwepo."

Nikagoma kutoka mpaka ipigwe muhuri. Halafu nikamwinua Skola mezani, na yeye, kwa kuwa kuandika bado hajafundishwa, akatia dole gumba chini ya jina langu.