Mikanda ya Judo Langoni Ruiru

Mwaka wa 1955, Wakikuyu wakishukiwa kuwalisha wapiganaji wa msituni, hakuna aliyeruhusiwa kutoka katika kijiji kile cha Ruiru, chenye handaki na miti iliyochongwa ncha pande zote, akiwa na kikapu kilichofunikwa. Warigia, binti mshonaji, alilijua hilo, kwa hiyo hakufunika chake. Mikanda ya kitambaa kizito ilionekana juu kabisa, imekunjwa kwa makundi: myeupe, ya manjano, ya chungwa na ya kijani. Alidhani uwazi ungemlinda. Kumbe ndio uliomponza.

"Hii ni nini, mwari?" aliuliza Githinji, mkuu wa homgadi, askari wenyeji wa serikali waliolinda lango, huku akiinua mkanda mmoja kwa ncha ya fimbo kama mtu anayeinua nyoka.

"Ni mikanda ya mchezo wa judo, mzee. Ya wafanyakazi wa kiwanda huko Thika. Naipeleka kwa mwalimu wao, Mbaluka."

"Mchezo una rangi?"

"Mweupe ni wa anayeanza. Akifaulu hupewa wa manjano, kisha wa chungwa, kisha wa kijani. Mbele yake kuna samawati, kahawia, na mwisho mweusi."

"Ala! Kama koplo na sajini."

"Nimeambiwa ni kama madarasa ya shule, mzee."

"Na huyo wa darasa la kwanza hufunzwa nini?"

"Kuanguka, mzee."

Homgadi wawili waliosimama nyuma waliangua kicheko. "Basi mtoto wangu apewe mweusi leo leo," alisema mmoja. "Tangu asubuhi hajafanya kazi nyingine!"

Githinji hakucheka. Aliusogeza mkanda wa chungwa puani, akanusa, akanusa tena. "Huu unanuka magome. Unanuka msitu."

"Nimeuchemsha katika maji ya magome ya mti wa mwati ili rangi ishike, mzee. Bila magome, rangi ya unga hutoka kwa jasho."

"Na ule mweusi uko wapi?"

"Haupo. Mwalimu mwenyewe ni wa kahawia. Anasema Thika nzima hakuna aliyefika kwenye mweusi."

Githinji aliwageukia wenzake taratibu. "Mmesikia? Watu wa chini wako kiwandani. Mkubwa wao hayupo Thika. Yuko wapi, kama si msituni?"

Pasi ya Warigia ya kusafiri ikaingia katika mfuko wa koti la Githinji. Mbaluka akatumiwa mtu. Warigia aliambiwa aketi kwenye gogo kando ya banda la ulinzi, na kwamba maelezo ya Mbaluka yasiporidhisha, jioni hiyo lori lingempeleka kizuizini. Mama yake alikuja hadi umbali wa kutosha kuonekana, akafukuzwa.

Warigia alikuwa msichana wa maneno machache. Masista waliomfunza ushonaji walimzoeza kukagua kila mshono upande wa nyuma, kwa maana ndiko uzembe hujificha. Sasa, juu ya gogo lile, alianza kukagua upande wa nyuma wa Mbaluka. Alimjua kiasi gani? Alikuwa Mkamba, askari aliyerudi kutoka vita vya Malaya, mpakiaji wa magunia, mtu mwenye adabu. Wanafunzi wake walikuwa Wakamba, Wajaluo na Waluhya. Mkikuyu hakuwamo hata mmoja. Kulikuwa na Nzau, fundi hodari wa kwao Ukambani, mwenye cherehani hatua chache tu kutoka kwenye ukumbi wao wa mazoezi. Kwa nini basi mtu huyo aendeshe baiskeli hadi Ruiru kumtafuta binti wa Kikuyu? Na je, ikiwa Githinji ameona kweli? Huenda ameshona vyeo vya jeshi asilolijua, kwa mikono yake mwenyewe, na kwa mshono mzuri.

Mbaluka alifika jua likiwa limeanza kuinama, jasho likimtiririka. Kiunoni alikuwa amefunga mkanda wake wa kahawia, ili, alivyosema, waone hana cha kuficha.

"Afande, hivi ni viwango vya mafunzo tu," alieleza. "Mweupe akimshika mwenzake mkono wa shati, bado hajui aelekee wapi. Wa kijani anajua. Rangi inamwambia mwenzako akutupe kwa nguvu kiasi gani bila kukuvunja shingo."

"Kwa nini hukumpa Nzau kazi hii?" Aliyeuliza alikuwa Warigia, si Githinji. Wote waligeuka.

Mbaluka alitazama chini. "Nilimpa, dada. Alikataa. Alisema rangi hizi zitaleta maneno."

"Ukaniletea mimi."

"Nilifikiri ni woga wake tu."

"Woga wa Mkamba," alisema Warigia. "Na mimi Mkikuyu je?"

Githinji alikuwa akiwatazama kwa zamu, kama mwenye mizani asiyemwamini muuzaji wala mnunuzi. Kisha akaonyesha moto uliokuwa chini ya sufuria ya uji wa askari. "Mtu aliyekula kiapo cha msituni hawezi kuchoma alama yake. Weka mikanda yote humo. Na huo wako. Ukikataa, msichana anapanda lori, na wewe utamfuata."

Mikanda mipya Mbaluka aliitia motoni bila shida. Alipofika kwenye wake, vidole vilikwama kwenye fundo. Miaka miwili ya Malaya ilikuwa katika kitambaa kile, na mwalimu aliyempa huko alikwisha kufa. Warigia aliona kusita huko, na Githinji aliona pia. Mkono wa Githinji ukaenda mfukoni, ukaigusa pasi, ukabaki humo.

Fundo lilifunguka. Mkanda ulianguka juu ya makaa, ukafuka moshi mzito kabla ya kushika.

Githinji alingoja hadi ukawa majivu. Kisha akampa Warigia pasi yake, naye akaipokea kwa mikono miwili na kuondoka bila kumtazama yeyote.

Juma lililofuata Mbaluka alimwita kutoka ng'ambo ya handaki, akiinua bunda la kitambaa. "Dada! Myeupe mitupu safari hii. Kila mtu mweupe, hata mimi."

"Mpe Githinji kitambaa hicho," alijibu Warigia. "Akikileta mwenyewe mlangoni kwangu, mbele ya watu, wajue ni kwa ruhusa yake, nitashona."