Rafiki Niliyemwita Mwizi wa Sauti ya Bibi

Nimekosa, na sitaki mtu anitetee. Mdomo wangu huu!

Mie kijana wa Maskati, wazee wangu Waunguja. Shule sikufika mbali, nnajisomea mwenyewe kwenye simu. Kuna tovuti moja imehifadhi tafiti na sauti za wazee juu ya maisha ya jamii za Kiyahudi: ibada zao, harusi zao, majirani zao. Naipenda kwa sababu ya bibi yangu, nnayeishi naye. Utotoni, Unguja, jirani yao alikuwa Myahudi. Kwa dini yao Jumamosi hawawashi moto, basi bibi ndiye akienda kuwawashia jiko, halafu anacheza na binti yao, Raheli.

Kisa hicho, na tovuti yenyewe, nilimwambia mtu mmoja tu: rafiki yangu Mkenya, nimwite Baraka, anafanya kazi duka la fotokopi mtaa wa Al Khoudh, hapa Maskati.

Siku moja nafungua tovuti, nakuta nini? Sauti ya bibi, anasimulia kisa kile kile! Chini, jina la Baraka na barua pepe yake. Wallahi damu ilinichemka! Mtu niliyekula naye sahani moja!

Nikamfuata dukani, wanafunzi wamejaa.

"Mwizi wee! Umemuuza bibi yangu!"

"Bro, tulia. Enda uulize shosho kwanza."

"Usimtaje bibi yangu kwa mdomo wako!"

Nikausukuma mlango wa kioo, ukapasuka. Mwenye duka hakutaka maelezo. Baraka akafukuzwa palepale. Na hapa kazi ikienda, viza nayo imekwenda.

Nikarudi nyumbani kifua mbele, namhadithia bibi. Akaweka kikombe chini.

"Nimempa mie."

"Bibi!"

"Bibi nini? Mara ngapi nimekwambia nirikodi? 'Kesho, bibi, kesho.' Umekaa kusikiliza mabibi wa watu! Mwenzio kaja Ijumaa tatu, wewe umetoka, kakaa hapo ulipo, kanisikiliza. Namtafuta Raheli wangu, au hata mjukuu wake."

Nilitamani ardhi inimeze.

Majibu yakija yanakwenda kwa Baraka. Baraka kesharudi Kenya, kaniblok kila mahali. Nimemwandikia kwa namba za watu, kimya. Na bibi kila asubuhi: "Wameshajibu?" Nasema bado. Mie mwenyewe sijui kama ni bado!

Wenye hasira wenzangu, kabla hamjamwita mtu mwizi, muulizeni mwenye mali. Wangu alikuwa chumba cha pili, miaka yote, ananiita.