Madam na Kibuyu cha Mama Mkwe

Mjini Eldoret neno madam halina mwenyewe. Ukiingia duka la vitambaa, mwenye duka atakuita madam kabla hujagusa kitu, na ukitoka bila kununua utakuwa madam bado, ila kwa sauti ya chini kidogo. Askari akikusimamisha barabarani utakuwa madam, na askari mwenyewe akiwa mwanamke ni madam vilevile. Mtaitana hivyo mpaka mmoja achoke. Mume wangu akiwaaga marafiki zake husema madam anamngoja nyumbani, yaani mimi. Nimeitwa madam na kila aina ya mtu, isipokuwa mama mkwe.

Yeye alikuwa amemwekea neno hilo mtu mmoja tu: mke wa shemeji yangu, mwalimu wa sekondari anayeishi Elgon View, mtaa wa wenye pesa. Tukifika bomani kwa mama mkwe, Ainabkoi, huyo alipokelewa mkoba langoni. "Madam, keti hapa, jua isikuchome." Mimi mwenye kasaluni kangu mtaani Munyaka niliambiwa, "Wewe, angalia ugali isiungue." Nilikuwa na wivu, wala sitaupamba. Nilimwonea wivu viatu vyake, gari lake, hata alivyokuwa akikohoa kwa adabu.

Kitu kimoja tu kilikuwa changu katika boma lile, nacho ni mursik. Maziwa hayo ya kugandishwa kwenye kibuyu nilikuwa nikiyatengeneza mimi tangu niolewe. Kwa mke wa shemeji, aliyezaliwa mbali na huku, maziwa ni ya chai. Basi binti kitinda mimba wa mama mkwe alipokaribia kurudi kutoka ng'ambo, na kwetu msafiri hupokelewa kwa mursik, mama mkwe akatangaza, "Safari hii kibuyu itatengenezwa na Madam. Na yeye ni wetu, wacha ajue." Kisha akanigeukia. "Wewe utamwonyesha."

Jumamosi iliyofuata tulibaki sisi wawili jikoni. Mama mkwe alikuwa ametuletea vijiti vya senetwet, mti ambao makaa yake husuguliwa ndani ya kibuyu kabla ya maziwa kumiminwa. Madam alipotoka kupokea simu, nilivisukuma vyote motoni, chini ya sufuria ya maharagwe, viteketee. Sikufikiria sana. Mkono ulienda wenyewe, na roho ikafurahi.

Aliporudi akaokota kipande cha makaa ya gunia, haya ya kupikia kila siku, kutoka kwenye jiko. "Dada, makaa ni hii?"

"Ni hiyo hiyo," nikamjibu. "Sugua sana."

Akasugua mpaka jasho likamtoka, na mikono yake mizuri ikawa myeusi hadi kwenye viwiko. Alinishukuru mara mbili.

Baada ya wiki moja binti akafika. Majirani walijaa langoni, mchungaji akaomba, na mama mkwe akakifungua kibuyu, kile alichoachiwa na mama yake mzazi. Akaonja kwanza, kama ilivyo desturi. Akameza. Binti, aliyekuwa akiyalilia maziwa hayo kwa simu miaka yote aliyokuwa huko, akapiga funda moja, akageuka kando na kutema kwenye nyasi.

Mama mmoja jirani akachukua kikombe akanusa. "Hii si senetwet," akasema, na hakupunguza sauti. "Hii ni makaa ya gunia."

Watu wakawa wanaangalia viatu vyao. Mama mkwe alisimama akiwa amekikumbatia kibuyu, na kwa mara ya kwanza nilimwona mzee. Hapo ndipo nilipoogopa. Angejua, ningekuwa nimemaliza kila kitu changu katika boma lile, na mume wangu angejua pia.

"Madam," akauliza polepole, "nani alikuonyesha makaa hii?"

Mke wa shemeji akanitazama. Jirani alikuwa ameshamfumbua macho, na niliona waziwazi kwamba ameelewa. Nikangoja jina langu.

"Hakuna, Mama, nilichukua mwenyewe," akasema. "Nimekosea mimi. Unisamehe."

Mama mkwe akampa mtu kibuyu, akamshika Madam mkono, akamwambia pole mbele ya watu wote. Binti naye akaja kumkumbatia. Mimi nilibaki nimesimama na chupa ya chai mkononi. Nilimwonea wivu siku ile kuliko siku zote, na hakuna hata mtu mmoja ambaye ningeweza kumwambia kwa nini.