Draiva Mbili na Sauti ya Amani

Siku ile naikumbuka kwa kimya chake. Tulikuwa akina mama wakimbizi wengi, tumekaa barazani kwenye ofisi ya redio, Ujiji, tunangoja kusikia sauti za watoto tuliopotezana nao tukivuka ziwa. Zamu ya mwanangu Amani ikafika. Redio ikakoroma kidogo, ikanyamaza. Mtangazaji akatoka nje, akasema kompyuta haizioni tena sauti. Nilishuka barazani, nikakaa vumbini.

Mwanangu, wewe unayejifunza kompyuta pale Mwanga, Kigoma, nikurudishe nyuma kidogo. Amani alikuwa mdogo, hakujua ukoo wake wala kijiji. Akina Amani walikuwa chungu nzima. Ningemjua kwa sauti tu. Sauti hizo walizorekodiwa watoto zilikaa kwenye diski mbili, kila diski na kadi yake yenye chipu. Chipu zenyewe za ukoo mmoja, moja ya zamani, nyingine mpya. Na ndani ya kerneli, ile programu kuu inayoendesha mashine yote, kila chipu ilikuwa na draiva yake, programu ndogo inayojua kusema nayo.

Akaja Sadoki, mkuu wa mitambo. Namtaja jina, sioni haya. Akasema hizi ni ndugu, draiva mbili za nini? Akaitoa ya zamani, akaiachia draiva mpya chipu zote. Hata kujaribu kwanza kwenye diski tupu, hakujaribu! Draiva mpya ikaitambua chipu ya zamani kwa sura, ila ikaiamrisha kama ile mpya. Diski ya chipu hiyo ikaanza kuandikwa ovyo, juu ya sauti zilizokuwamo.

Aliyetuokoa ni Zawadi, fundi, Muha wa Kidahwe. Binti yule, jamani! Alizima mashine kwanza, akakataza mtu kuigusa. Sadoki akafoka:

"Washa! Husikii wanawake wanavyolia huko nje?"

"Ndiyo maana siwashi, mzee. Ukiandika tena juu ya sauti za watoto wao, utawapa nini?"

"Lakini chipu hizo ni ndugu!"

"Hata mimi na dada yangu ni ndugu, ila mume wake si wangu."

Huku nje tuliwasikia, tukacheka na machozi usoni.

Zawadi akarudisha draiva ya zamani. Kwenye ile mpya akafuta namba ya chipu ya zamani, isiidai tena. Kazi iliyofanana kwa draiva zote akaiandika mahali pamoja, ziitumie kwa ushirika. Iliyotofautiana, kila moja ikabaki na yake. Akajaribu kwenye diski tupu, ndipo akafungua yetu, kusoma tu. Kesho yake redio ikasema: "Mama, ni mimi Amani. Mbuzi bado nawaogopa." Nikapiga yowe mtaa mzima ukatoka.

Basi shika hili, mwanangu. Vitu vikifanana, vipime kimoja kimoja kabla hujavikabidhi kwa mmoja. Kinachofanya kazi usikitoe kwa sababu kipya kimefika. Mungu akupe mikono ya Zawadi, na moyo wake wa kumkatalia mkubwa.

Na wewe Sadoki, kama uko hai: sauti zilizokwisha kuandikiwa juu hazikurudi. Ya mtoto wa Mama Furaha, jirani yangu, haikurudi. Ulihama Kigoma bila kumwambia neno. Rudi, ukae mbele yake, umweleze kwa kinywa chako ulichokifanya.