Nyasi Fupi Kwenye Kaburi la Mawe

Nani hufyeka nyasi pale? Nakumbuka siku nilipoulizwa swali hilo, mwanangu, katika fleti yetu ya mtaa wa Sharpstown, jijini Houston, Marekani, siku mbili baada ya baba yangu kufariki.

Nilikuwa mwanafunzi wa chuo, mbishi wa kila kitu. Kiangazi kile nilikuwa nimetoka Ayalandi na wanafunzi wenzangu, kupima kaburi la kale lililo katikati ya malisho: mawe matatu yamesimama, na la nne, kubwa kama gari, limelazwa juu yake. Lina maelfu ya miaka.

Ndugu walikuwa wanaamua baba azikwe wapi. Baba mdogo alitaka asafirishwe Songea. Mama, ambaye hakuwa mtu wa kubishana na mashemeji, alisema mara moja tu, "Naomba azikwe hapa hapa Houston." Kisha akanigeukia. "Sema nawe, binti. Wewe ndiye uliyesoma."

Nikatoa simu, nikawaonyesha picha ya lile kaburi. "Aliyelala humu hajulikani jina wala ukoo. Wafu hawajui walipo, mama. Songea, Houston, ni udongo tu."

"Umesikia, shemeji?" baba mdogo akadakia. "Kama ni udongo tu, basi na uwe wa kwao."

Mama akainamisha kichwa. Shangazi Rehema, dada yake baba, muuguzi aliyekuwa ameendesha gari tangu alfajiri kutoka Mansfield, akaichukua ile simu na kuitazama sana.

"Haya, profesa. Mbona nyasi ni fupi? Nani hufyeka pale?"

"Sijui, shangazi."

"Ulikaa wiki ngapi?"

"Tatu."

"Wiki tatu unapima mawe, binadamu hukumwona! Na mama yako huyu hapa, umemwona?"

Lakini neno langu lilikwisha kutoka. Baba akasafirishwa. Mama alibaki, akisema kazini wamemnyima ruhusa, na mazishi tukayatazama kwenye simu, mimi na yeye. Udongo ulipoanza kumwagwa, picha ikaganda. Mama akawa anakifuta kioo kwa upindo wa khanga, kana kwamba ni vumbi.

Mpaka leo siamini kwamba wafu husikia, na wewe sikulazimishi. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mimi naongeza, na mjane pia. Mfiwa akikuomba neno, usimpe ulichosoma kabla hujamwuliza kwa nini anataka anachokitaka. Kuuliza si ujinga, lakini mimi niliyauliza mawe nikawaacha watu. Nakuombea, kwa namna ninavyojua kuomba, upate ulimi unaojua kungoja, na wazee wa kukukemea mapema.

Mama alipopata karatasi zake za ukaazi, miaka kumi na mmoja baadaye, ndipo aliponiambia kwamba kazini hakunyimwa ruhusa. Angetoka Marekani kwenda kumzika mumewe, asingeruhusiwa kurudi huku kwetu.